Tununue nyumba ya Magomeni, tujenge, au tusubiri gesi ya Lindi?

Swali: Mimi ni mwalimu, Newala. Mume wangu amestaafu na kwenye mafao tumetenga milioni 40 ili tupate kitega uchumi cha kupangisha. Kuna nyumba inauzwa Magomeni, Mtwara mjini: vyumba sita na banda la uani lenye vyumba viwili, wapangaji wote wamo, bei milioni 38. Muuzaji anasema inaingiza laki tatu kwa mwezi. Shemeji yangu anasema tuachane nayo, tununue viwanja Mitwero, Lindi, tusubiri mradi wa gesi. Tushike lipi? Na hati iandikwe jina la nani?

Jibu:

Mwalimu, mpe mzee hongera ya kustaafu salama. Nianze na la shemeji, maana halina mzunguko mrefu. Viwanja vya kusubiri gesi, hapana. Mtwara iliyaona haya kati ya mwaka 2011 na 2014. Gesi ya Mnazi Bay ilipoanza kuzungumzwa kila kona, watu walikopa, wakajenga nyumba za kupangisha kwa dola, wakapandisha bei za viwanja Shangani hadi Mikindani. Bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, wakandarasi wakafungasha, na nyumba zilizokusudiwa wageni wa kampuni zikabaki na walinzi tu. Kiwanda cha saruji cha Dangote na upanuzi wa bandari vilikuja vikaleta ajira, lakini ajira hizo ni za watu wanaolipa kwa shilingi na wanaotaka chumba cha bei ya kawaida. Siku hizi hata sheria haikupi njia nyingine, kwani tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei ya ndani kwa fedha za kigeni.

Mradi wa gesi wa Likong'o, ndio huo anaousubiri shemeji Lindi, unaweza kuja na ukawa mkubwa. Lakini kiwanja kitupu hakikuingizii kodi ya pango, kinakudai kodi ya ardhi kila mwaka, na kiwanja kilichopimwa kwa kawaida kina sharti la kuendelezwa ndani ya miezi 36. Mstaafu hana miaka ya kusubiri habari kwenye redio. Kama mnaipenda Lindi, nunueni kwa ajili ya mpangaji aliyepo Lindi leo: mtumishi wa halmashauri, muuguzi, mwalimu.

Sasa nyumba ya Magomeni. Laki tatu kwa mwezi ni milioni 3.6 kwa mwaka, na ukiigawa kwa milioni 38 unapata 9.5%. Hiyo ndiyo namba ya muuzaji. Tuishushe mpaka ifike mfukoni mwenu.

Vyumba vinane haviwi na watu miezi yote kumi na miwili. Mmoja anahama, unapaka rangi, unatafuta mwingine. Hesabu mwezi mmoja mtupu kwa kila chumba: zinabaki 3,300,000. Kodi ya zuio ya pango ni 10%, yaani 330,000. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sawa na 18,000. Kodi ya ardhi inategemea ukubwa na eneo la kiwanja, tuweke 20,000. Matengenezo ya nyumba ya zamani yenye wapangaji wengi hayapungui 10% ya mapato: 330,000 nyingine. Choo cha familia nane kinajaa, gari la maji taka liwekeeni laki moja. Na kwa kuwa mko Newala, lazima awepo mtu wa kuangalia. 25,000 kwa mwezi ni 300,000. Jumlisha makato hayo yote: 1,098,000. Mkononi inabaki 2,202,000.

Gharama ya kununua nayo si milioni 38 tu. Kuna kodi ya stempu 1% ya bei, wakili, usajili wa uhamisho, na marekebisho ya mwanzo ambayo kila nyumba ya aina hii huyadai. Ziwekeeni milioni mbili, mnafika 40. Kwa hiyo fedha yenu yote inawaletea 5.5% kwa mwaka. Hati fungani za serikali (yaani mnaikopesha serikali kwa riba) za miaka 20 kwa miaka ya karibuni zimetoa riba ya kati ya 12% na 15%, inalipwa kila miezi sita, haikatwi kodi ya zuio, na hakuna mtu atakayewapigia simu saa nne usiku kusema koki imevunjika.

Kwa nini basi watu wananunua nyumba? Kwa sababu milioni 40 ya hati fungani itarudi milioni 40 ileile baada ya miaka 20, wakati kodi ya chumba hupanda taratibu na bei za vitu, na kiwanja cha mjini hubaki. Hiyo ni faida ya kweli, nami naithamini. Ila haitoshi kumlipa muuzaji bei anayoitaka. Kwa mapato haya, nyumba hiyo inakuwa ununuzi mzuri kwa milioni 26 au pungufu. Kwa 30 inavumilika kama ina hati safi na paa lake zima. Kwa 38, iacheni.

Akikubali kushuka, msikimbilie kutoa fedha. Mambo mawili huwaumiza wanunuzi wa nyumba zenye wapangaji.

La kwanza ni kodi iliyokwisha kulipwa mbele. Huku kwetu mpangaji hulipa miezi sita au mwaka mzima. Muuzaji anayejua anauza hukusanya kodi zote mapema, halafu wewe unakabidhiwa wapangaji wasiodaiwa kitu. Nenda mlango kwa mlango na mwenyekiti wa mtaa, muulize kila mmoja: umelipa kiasi gani, hadi lini, risiti iko wapi, mkataba uko wapi? Andika orodha, muuzaji aisaini. Kama kwa wastani imebaki miezi mitano kwa vyumba vyote, hiyo ni 1,500,000, na lazima itoke kwenye bei. Ziara hiyo itakuonyesha pia kama laki tatu ni za kweli. Mara nyingi utakuta chumba kimoja anakaa mpwa wa mwenye nyumba bila kulipa na kingine ni stoo ya korosho.

La pili ni nani hasa anauza. Nyumba nyingi za Magomeni, Majengo na Chikongola, na za mitaa ya zamani ya Lindi, ni za urithi. Kama aliyejenga amefariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwombe barua ya uteuzi (ya Mahakama ya Mwanzo wengi huiita Fomu namba 4) na uhakikishe shauri hilo kwenye masjala ya mahakama yenyewe. Halafu warithi wote wasaini kuridhia. Wewe ni mtu wa Newala, hili sina haja ya kulieleza sana: kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ambaye hakuulizwa anaweza kujitokeza mwaka wa pili akiwa na watoto wa dada yake nyuma. Msimamizi halali wa mahakama anakulinda kisheria, lakini kikao na wajomba kinakulinda na fujo. Fanyeni vyote viwili. Kama muuzaji yu hai na ana mke au mume, ridhaa ya mwenza kwa maandishi ni ya lazima kwa nyumba ya familia. Bila hiyo mauzo yanaweza kubatilishwa.

Hati nayo ikaguliwe kwa Msajili wa Hati kupitia Ofisi ya Ardhi ya Mkoa. Upekuzi rasmi unaonyesha jina la mmiliki, kama nyumba imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio. Barua ya ofa si hati, leseni ya makazi si hati, na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa ndiyo dhaifu kuliko zote. Eneo lisilopimwa linauzika, ila bei yake lazima iwe ya eneo lisilopimwa. Kabla ya kusaini omba pia risiti za kodi ya ardhi na taarifa ya bili ya maji kutoka MTUWASA (Lindi ni LUWASA), maana madeni hayo hubaki na nyumba.

Tuje kwenye kujenga, ambako kwa fedha zenu naona ndiko kuzuri zaidi. Mpangaji anayelipa bila kusumbua Mtwara leo ni mtumishi kijana, muuguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, mfanyakazi wa bandari au wa kampuni za makaa ya mawe na korosho. Hataki kushirikiana choo. Anataka chumba masta chenye kajiko kake na mita yake ya LUKU. Kabla ya kuchagua eneo, waulizeni madalali watatu tofauti swali moja: chumba masta kikiwa kitupu hapa, kinachukua siku ngapi kupata mtu? Wakisema wiki mbili, jengeni. Wakisema miezi miwili, hata kiwanja kikiwa rahisi msikiguse. Eneo la wanafunzi liangalieni kivyake: wanajaa mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wanaondoka likizo ndefu, kwa hiyo hesabu miezi tisa ya kodi, si kumi na miwili.

Chukueni mfano wa nyumba nne za mstari mmoja, kila moja upana mita 3.6 na kina mita 5.4: chumba mbele, nyuma jiko na choo. Jumla ni mita za mraba 78 hivi. Kwa bajeti ya 350,000 hadi 400,000 kwa mita ya mraba ni milioni 27 hadi 31; ongezeni kiwanja kilichopimwa cha milioni 5 au 6. Tuseme 36. Mkipangisha kila moja kwa 80,000, mwaka mzima ni 3,840,000; ukitoa mwezi mtupu inabaki 3,520,000; ukitoa kodi ya zuio, matengenezo ya 5% (nyumba mpya haina mengi), msimamizi wa 20,000 kwa mwezi, choo na kodi nyingine, mnabaki na takriban 2,650,000. Hiyo ni 7.4%, kwa wapangaji wanne badala ya wanane.

Lakini msimalize mafao yote kwenye ukuta. Ningewashauri mchimbe msingi wa nyumba nne na karo la choo la kutosha nyumba nne, mpandishe mbili tu kwanza. Pamoja na kiwanja itawachukua milioni 22 au 23. Milioni 2 zikae benki kwa dharura. Milioni 15 zinunue hati fungani kupitia benki yenu au dalali wa soko la hisa (kiwango cha chini ni milioni moja). Kwa riba ya 12% ni 1,800,000 kwa mwaka. Nyumba mbili zitaleta kama 1,300,000. Mnapata zaidi ya milioni tatu kwa mwaka, na riba hiyo ndiyo itakayopandisha nyumba mbili zilizobaki bila mkopo.

Kwenye ujenzi wenyewe, huku pwani makosa ni yaleyale. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Ukitumika kwenye linta (zege la juu ya milango na madirisha) na mkanda (zege linalozunguka juu ya kuta), nondo zinaota kutu, zinavimba na kupasua zege, na plasta inatoka unga mweupe kila msimu wa mvua. Tumieni mchanga wa mto au wa shimo la bara. Tofali za inchi 6 kwa nyumba nne, pamoja na msingi wa kozi nne, ni kama 2,700 ukihesabu na zitakazovunjika. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 utoe tofali 30 hadi 35, yaani mifuko 80 hivi kwa tofali peke yake. Fundi akikuahidi 50 kwa mfuko, amekupunguzia saruji. Na tofali zimwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba angalau, kwenye kivuli. Jua la Mtwara likizikausha siku ya kwanza zinabaki mchanga ulioshikana.

Mchwa wa kusini usiudharau. Dawa imwagwe kwenye udongo baada ya kushindilia na kabla ya jamvi (zege la sakafu), na mbao za kenchi za paa ziwe zimetibiwa. Bati chukueni geji 28. Geji 30 kwenye upepo wa chumvi inaanza kutoboka mapema, kwanza kwenye misumari. Kenchi zifungwe kwenye mkanda kwa nondo au waya mnene uliozamishwa wakati wa kumwaga zege. Kimbunga cha mwaka 1952 kiliiharibu vibaya Lindi, Kenneth cha 2019 kilipita jirani tu Msumbiji, na Hidaya wa Mei 2024 ulikata barabara ya kusini. Waya huo ni gharama ndogo sana kulinganisha na paa zima. Kwa sababu hiyohiyo msinunue kiwanja bondeni: nendeni mkakione baada ya mvua kubwa ya Machi au Aprili, na muwaulize majirani maji hufika wapi.

Udongo wa Mtwara mjini ni wa mchanga katika sehemu nyingi, kwa hiyo shimo la choo lisilojengewa hubomoka, na maji machafu hupita haraka kwenda visimani. Jengeni karo kwa tofali na zege, likae mbali na kisima, mita 30 ndiyo salama. Tanki la maji: watu 12 kwa lita 60 kila mmoja ni lita 720 kwa siku, tanki la lita 2,000 hadi 3,000 linawavusha siku tatu au nne za mgao.

Umeme ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi wa wapangaji. Nyumba yenye mita moja ya pamoja ikizidi uniti 75 kwa mwezi hutoka kwenye bei ya mtumiaji mdogo ya shilingi 122 kwa uniti na kuingia kwenye bei ya kawaida ya 356 hivi, kodi na tozo zikiwemo. Wapangaji wanne wenye pasi na feni hawakosi kuzidi. Kila nyumba na mita yake, mpangaji mdogo analipa bei ndogo na hakuna wa kusingiziwa. Sabmita (mita ndogo ya ndani mnayofunga wenyewe) inagawa bili tu, haishushi bei. Mkiwa na mita kadhaa kwenye jengo moja, fuatilieni ili kodi ya jengo ikatwe kwenye mita moja tu, si zote nne.

Mkataba uwe wa maandishi hata kwa chumba cha 30,000. Uwe na namba ya NIDA ya mpangaji, mdhamini anayefahamika na mwenyekiti wa mtaa, tarehe ya kuanza na kuisha, nani analipa maji na taka, marufuku ya kumpangisha mtu mwingine, muda wa notisi, na orodha ya vitu vilivyomo (vitasa, koki, taa, sinki) iliyosainiwa siku ya kuingia. Stempu ya mkataba wa pango ni 1% ya kodi ya mwaka. Mkataba usiolipiwa stempu mahakama haiupokei mpaka ulipiwe. Msishikilie mwaka mzima mbele kwa kila mtu. Mtumishi mlipishe miezi mitatu mitatu, atadumu. Mfanyabiashara wa korosho mlipishe Oktoba hadi Januari, fedha zikiwa zinazunguka. Ukimdai Mei utamdai sana.

Mpangaji akishindwa kulipa, msing'oe mlango wala kubadilisha kitasa. Hapo yeye mdaiwa anageuka mlalamikaji. Mpeni notisi ya maandishi kupitia serikali ya mtaa. Akikaidi, mwende Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu mwaka 2021 baraza hilo halihukumu, linapatanisha. Siku 30 zikipita bila mwafaka, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na amri ya kumtoa hutoka huko.

Hati: andikeni majina yenu wote wawili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina njia mbili. Umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambao kimsingi ni wa mke na mume, maana yake mmoja akitangulia nyumba inabaki kwa aliye hai bila kuingia kwenye mirathi. Umiliki wa hisa unagawa, tuseme nusu kwa nusu, na hisa ya marehemu inaenda kwa warithi wake. Kama mzee ana watoto wa ndoa nyingine, zungumzeni hili mapema na waziwazi, mchague njia mliyokubaliana, na mumwambie wakili aitaje njia hiyo waziwazi kwenye fomu ya uhamisho. Mkiandika majina mawili tu bila kusema ni umiliki wa aina gani, mnawaachia watoto wabishane.